Leva za zamani kwenye baiskeli ya mbio ya chuma: nianzie wapi?

Msomaji ameuliza hivi: "Shikamoo fundi. Nina baiskeli ya mbio ya chuma ya katikati ya miaka ya 1980, niliyoachiwa na baba mdogo. Ilitoka kiwandani na leva za gia kwenye bomba la chini na gia sita nyuma. Baadaye yeye mwenyewe aliiwekea leva za kisasa, zile ambazo breki na gia ziko pamoja kwenye usukani, na gurudumu la nyuma la gia tisa. Sasa leva ya kulia imekufa: naisukuma, inateleza tu, haishiki. Sitaki kununua nyingine kama hiyo. Nataka baiskeli rahisi ambayo naweza kuifungua na kuifunga mwenyewe. Je, nitafute gurudumu la zamani la gia sita? Kipi kitakubali na kipi kitagoma?"

Marahaba, kijana wangu. Jibu lenyewe ni hili, maelezo yatafuata: gurudumu la gia sita usilitafute. Tafuta leva mbili za gia za kufunga kwenye bomba la chini, ziwe za msuguano, yaani zisizo na mbofyo. Tafuta kaseti ya gia nane, yaani lile fungu la sproketi (magurudumu ya meno) kwenye gurudumu la nyuma, na mnyororo wake, na leva mbili za breki zisizo na gia ndani. Basi. Gurudumu alilolifunga baba yako mdogo libaki, dereila yake ya nyuma, kile chombo kinachousogeza mnyororo kutoka gia hadi gia, ibaki, na breki zibaki kama ni nzima.

Hiyo leva iliyokufa nayo usiitupe bado. Leva za aina hiyo zikikaa miaka mingi, grisi ya ndani hukauka ikawa kama gundi, na vile vijino vidogo vinavyotakiwa kuruka na kushika vinabaki vimelala. Ipulizie dawa ya kusafishia grisi huku ukiisukuma tena na tena mpaka uchafu utoke, kisha itie mafuta mepesi. Mara nyingi inafufuka. Hata kama uamuzi wako haubadiliki, kuna mwenye baiskeli ya gia tisa anayeitafuta leva kama hiyo kwa udi na uvumba.

Sasa nikueleze kwa nini nakuambia uchanganye vya zamani na vya karibuni. Leva ya mbofyo huvuta waya kwa kipimo maalumu. Kila mbofyo ni urefu fulani wa waya, dereila inaugeuza urefu huo kuwa hatua ya kwenda pembeni, na hatua hiyo lazima ilingane na nafasi iliyopo kati ya sproketi moja na jirani yake. Kwa hiyo leva, dereila na kaseti ni lazima ziwe zimekubaliana. Ukibadilisha kimoja, vingine viwili vinakudai. Shimano walipouleta mfumo wa mbofyo kwenye Dura-Ace mwaka 1984 waendeshaji waliufurahia, na walikuwa na sababu. Mwaka 1990 wakauhamishia ndani ya leva za breki, mtu akabadilisha gia bila kuachia usukani. Ni kazi nzuri ya uhandisi. Lakini kijino kimoja kikifa humo ndani, ndiyo hali uliyonayo leo: baiskeli nzima inasimama kwa ajili ya kipande ambacho huwezi hata kukiona.

Leva ya msuguano haina hesabu hiyo. Ifungue utakuta kipipa kidogo cha kuzungushia waya, washa mbili tatu, na skrubu yenye kipete unachokigeuza kwa vidole. Waya unabaki pale ulipouachia kwa sababu tu washa zimebanwa. Leva yenyewe haijui kama nyuma kuna gia tano au tisa, haijui dereila imetengenezwa na nani, haijali. Mwenye kujua ni mkono wako. Huo ndio urahisi unaoutafuta, nao unatoka kwenye leva peke yake. Gurudumu la zamani halikuongezei chochote.

Tena gurudumu la gia sita lingekuongezea tatizo. Magurudumu ya enzi ile hutumia friwili, fungu la gia linalojikaza kwa nyuzi kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Katika muundo huo gololi za upande wa kulia hukaa ndani, mbali na ncha ya ekseli, kwa sababu friwili imechukua nafasi yote ya nje. Kipande kirefu cha ekseli kinabaki hakina kinachokishikilia, na kadiri gia zinavyozidi ndivyo kinavyorefuka. Ekseli zinapinda, nyingine zinakatika kabisa. Habu ya kaseti imezisogeza gololi hizo hadi karibu na mdomo wa fremu, yaani ule mpasuo inapokaa ncha ya ekseli, na ugonjwa ule ukapungua sana. Huyu aliyekuachia baiskeli alikuachia pia gurudumu bora kuliko la kiwandani. Lienzi.

Kwa nini basi gia nane na siyo tisa? Ni suala la kidole. Kwenye kaseti ya gia tisa, kutoka sproketi moja hadi nyingine ni milimita 4.35. Kwenye gia nane ni 4.8. Kwenye friwili za gia sita za zamani ilikuwa milimita 5.5 hivi. Tofauti ya nusu milimita unaiona ndogo kwenye karatasi, lakini mkono unaijua: kwenye gia tisa leva inataka kuguswa kama unazima mshumaa kwa vidole, kwenye gia nane inakupa nafasi ya kukosea kidogo bila mnyororo kulalamika. Habari njema ni kwamba habu ya gia tisa ya Shimano hupokea kaseti ya gia nane bila kubadilishwa chochote. Ukitaka saba pia inawezekana, ila utatanguliza pete ya milimita 4.5 nyuma ya kaseti ili ijae. Mimi ningeweka nane. Kama huna haraka ya kununua, anza hata na tisa zako hizo hizo ujifunzie. Hazitagoma, zitakusumbua tu kidogo.

Dereila yako ya nyuma nimesema ibaki, na ninasisitiza. Kuna watu wanaovua dereila nzuri ya kisasa ili waweke ya miaka ya 1970 kwa ajili ya sura. Mwaka 1964 SunTour wa Japani walitengeneza dereila ambayo msambamba wake (ule mkono wa pande nne unaoisogeza) umelazwa mshazari, hivyo inaposogea kuelekea sproketi kubwa inashuka pia, na kigurudumu cha kuongoza mnyororo kinakaa karibu na kila sproketi kwa umbali unaolingana. Wenzao hawakuruhusiwa kuuiga muundo huo mpaka haki ya SunTour ilipokwisha katikati ya miaka ya 1980, ndipo karibu kila mtengenezaji akaufuata. Dereila ya enzi ya gia tisa ina muundo huo. Ukiiunganisha na leva ya msuguano unapata mabadiliko ya gia ambayo mwendeshaji wa mbio wa mwaka 1970 hakuwahi kuyaonja.

Kitu kimoja tu upime kabla ya kufunga kila kitu: leva iwe na mwendo wa kutosha kuvuta waya kutoka sproketi ndogo kabisa hadi kubwa kabisa. Kipipa cha baadhi ya leva za zamani sana ni chembamba, leva inafika mwisho wake kabla dereila haijafika kwake. Ifunge kwa muda, ujaribu, ndipo uzungushie mkanda usukani.

Nimekimbilia gia kwa sababu ndizo ulizoniuliza. Lakini ingekuwa baiskeli iko kwenye stendi yangu, jioni ya kwanza nisingegusa gia kabisa. Ningeitazama fremu.

Ioshe, ikaushe, kisha ipeleke penye mwanga unaotoka ubavuni. Pitisha kidole gumba chini ya bomba la chini, kuanzia pale linapoungana na bomba la usukani kurudi nyuma kama upana wa kiganja. Fanya hivyo hivyo chini ya bomba la juu. Kidole kikihisi kama kimepita juu ya kiwimbi, au rangi ikiwa imepasuka kwa mistari myembamba inayozunguka bomba, baiskeli hiyo iliwahi kugonga kitu kwa mbele. Macho yanaweza kudanganywa na rangi, kidole hakidanganyiki kirahisi. Angalia pia uma kwa ubavu: miguu yake kabla ya kujipinda inatakiwa ifuate mstari wa bomba la usukani. Ikiwa imerudi nyuma, jibu ni lile lile. Kisha tazama maungio ya ekseli ya kranki (kranki ni ile mikono ya pedali), pale panapobeba nguvu zote za miguu, na mdomo wa kulia wa nyuma. Mstari wa kutu unaotoka kwenye ungio bila sababu, kwaruza rangi kidogo uone kama chini yake kuna ufa.

Chomoa nguzo ya kiti, igeuze fremu kichwa chini, igonge taratibu kwa kiganja. Vumbi la kahawia ni jambo la kawaida kwa chuma cha umri huo. Vikianguka vipande kama magamba, hilo ni jambo jingine, na mtu mwenye taa aitazame ndani kabla hujatumia hata senti.

Baada ya hapo chukua uzi. Toa gurudumu la nyuma. Funga uzi kwenye mdomo wa kushoto wa fremu, upeleke mbele, uzungushe kwenye bomba la usukani, urudishe hadi mdomo wa kulia, ukaze. Sasa pima kutoka kwenye uzi hadi kwenye bomba la kiti, kushoto na kulia. Vipimo viwili vikilingana, sehemu ya nyuma imenyooka. Vikipishana kwa zaidi ya milimita moja hivi, imevutwa upande mmoja. Ni kipimo cha uzi na rula tu, na kimeniokolea kazi nyingi kuliko chombo chochote cha chuma nilichonacho.

Ukiwa hapo hapo, pima nafasi kati ya midomo miwili kwa ndani. Hii ndiyo namba ninayoitaka kuliko zote. Fremu za gia sita za wakati ule zilitengenezwa kwa milimita 126. Gurudumu lako la gia tisa lina upana wa milimita 130. Ukikuta 130, maana yake baba yako mdogo alimpa fundi akaipanua, na mambo yameisha. Ukikuta 126, alikuwa anaivuta kwa mikono kila akirudisha gurudumu, milimita mbili huku na mbili kule. Chuma kinastahimili hilo, lakini kinakuchosha siku tairi likitoboka njiani, na midomo haikai sambamba. Nayo midomo isiyokaa sambamba huinyonga ekseli kila unapokanyaga. Fundi mwenye vifaa anaweza kuipanua ikakaa 130 moja kwa moja, kisha akainyoosha midomo ikatazamana. Ni kazi ya dakika chache. Inafanyika kwa chuma peke yake. Anayekuambia atakupanulia fremu ya alumini au kaboni, mpokonye fremu yako uondoke.

Kuhusu ekseli ya kranki nina habari ya kukusimulia, maana iliniuma na bado nikiikumbuka inaniuma. Nilipokuwa najifunza kazi niliharibu fremu ya mtu. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kikombe cha upande wa kulia, kile kinachojikaza kwenye fremu na kushika gololi za ekseli hiyo, hufunguka kwa kuzungusha kinyume na kawaida, yaani kuelekea saa inakokwenda. Kikombe kikagoma. Nikaongeza bomba refu kwenye spana, nikaweka uzito wangu wote. Kilipotembea nilifurahi, kumbe kilikuwa kinajikaza, na kilipokuja kutoka kilitoka na nyuzi za fremu zikiwa zimesagika kama unga wa chuma. Fremu ile ilikuwa ya kipimo cha Kiitaliano. Vya Kiitaliano vina kipenyo cha milimita 36, na vikombe vyote viwili hufunguka kwa namna ya kawaida. Vya Kiingereza, ambavyo ndivyo vingi duniani, ni inchi 1.37, na cha kulia peke yake ndicho kimegeuzwa. Na ningeweza kulijua hilo bila kufungua chochote, kwa kupima upana wa bomba lenyewe la ekseli: la Kiingereza ni milimita 68, la Kiitaliano ni 70. Milimita mbili ambazo sikuzipima. Fremu za zamani za Ufaransa ni suala jingine tena, milimita 35 na nyuzi zake za kimetriki. Hizo ukizikuta, usilazimishe kitu.

Ila huenda huhitaji kufungua. Vua mnyororo, ushike kranki kwa ncha zake, uzitikise kushoto na kulia. Kisha uzizungushe ukiwa umegusisha kidole kwenye bomba la kiti. Kama hazichezi, na kidole hakisikii mchanga unaosagwa, ekseli hiyo ina maisha bado. Iache. Ukilazimika kuvua kranki za alumini, tumia kivutio chake, hakikisha umetoa bolti na washa yake pia, na kivutio kiingie nyuzi zake zote kabla hujaanza kuvuta. Usitumie nyundo hata siku moja.

Tuje kwenye ufungaji wa leva. Fremu ya umri huo uliyoieleza ina uwezekano mkubwa wa kuwa na vichuguu viwili vya chuma vilivyochomelewa pande za bomba la chini, ambavyo sasa vimefungwa vishikio vya kava za waya. Ondoa vishikio, leva zinakaa hapo hapo. Chini ya kichuguu kuna umbo la mraba. Kitako cha leva kina tundu la mraba vilevile, na lazima kiingie sawasawa, la sivyo leva itazunguka yote. Kama havipo, kuna leva zinazofungwa kwa mkanda wa chuma. Kwa fremu nyingi za chuma za wakati ule bomba la chini ni milimita 28.6, lakini pima.

Utaona mara moja faida ambayo haitajwi sana: waya umekuwa mfupi na mnyoofu. Unatoka kwenye leva, unashuka na bomba, unapita chini ya ekseli ya kranki, unaingia kwenye kava mara moja tu, pale kwenye kitanzi kidogo kabla ya dereila. Hakuna kona za usukani. Weka waya mpya na kava mpya, kata kava kwa kikatio kikali ili mdomo wake usibonyee, na kitanzi kile kiwe kipana, kisibanwe. Kisha rekebisha skrubu mbili za mipaka kwenye dereila: moja izuie mnyororo usidondokee kwenye fremu, nyingine izuie dereila isiingie kwenye spoku. Kwa leva za mbofyo mtu anaweza kuzipuuza kidogo skrubu hizo kwa sababu leva yenyewe ina mwisho. Kwa msuguano ndizo ukuta wako pekee. Zirekebishe kwa kutulia, ukiwa umeinua gurudumu la nyuma.

Kubadilisha gia kutakushangaza siku mbili za kwanza, kisha utakupenda. Mkono wa kulia unashuka, vidole viwili vinaishika leva, miguu inaendelea kuzunguka lakini inalegeza nguvu kidogo. Vuta kuelekea kwako. Unasikia mnyororo ukisugua ubavu wa sproketi inayofuata, mlio wa kukwaruza, kisha unapanda na mlio unakoma. Ukivuta kwa kuusubiri tu ukome, mara nyingi unakuwa hujafika vizuri: mnyororo unanong'ona upande mmoja. Kwa hiyo vuta kupita kidogo, halafu urudishe leva nywele moja. Ukimya ndio unaokuambia umepata. Kushuka kwenda sproketi ndogo hakuhitaji kupitiliza kiasi hicho. Leva ikiwa inarudi yenyewe ukipanda mlima, washa zimelegea: kaza kile kipete robo mzunguko. Zikiwa ngumu mpaka unapepesuka, legeza. Usipake grisi kwenye washa za msuguano zenyewe. Pake kwenye nyuzi za skrubu.

Mnyororo wa gia nane una upana wa nje wa milimita 7.1 hivi, na kwa kawaida sproketi za mbele za gia tisa zinaukubali. Usifunge mnyororo mpya kwenye kaseti iliyolika, wala mkuukuu kwenye kaseti mpya. Kipimo ni rula ya inchi: kutoka pini hadi pini ya inchi kumi na mbili, mnyororo mpya unafika kumi na mbili kamili. Ukizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, ubadilishe. Ukizidi kwa moja ya nane, umeshakula na meno ya sproketi.

Na kwa kuwa unanunua kaseti, usinunue ya mwanariadha kama wewe si mwanariadha. Baiskeli za mbio za wakati ule zilikuja na meno 52 na 42 mbele. Ukiwa na 42 mbele na 24 nyuma, mzunguko mmoja wa kranki unakusogeza mita 3.7 hivi, mlima wa maana unakutoa roho. Kwa sproketi ya 27 nyuma inakuwa kama mita 3.3, na hiyo ndiyo sproketi kubwa ambayo dereila nyingi za barabarani za enzi ya gia tisa zimetengenezewa. Ukiweza kubadilisha ile ya 42 mbele iwe 39, utashuka hadi mita 3.0. Magoti yatakushukuru kuliko mtu yeyote atakayeisifia baiskeli yako.

Kwenye breki nakuomba usiwe mtu wa zamani hata kidogo. Raba za breki zilizokaa miaka zinakuwa ngumu kama kwato, zina mng'aro na hazishiki. Nunua mpya. Nyaya mpya. Rimu ziwe za alumini, ambazo naamini ndizo ulizonazo. Ukishawishiwa kuweka rimu za chuma zilizopakwa kromu ili zifanane na picha ya zamani, kumbuka kwamba zikilowa breki inashika kwa kuchelewa mno, na huko si mahali pa kutafutia uzuri. Leva za breki ziwe za baiskeli ya barabarani. Zile za breki za V, zinazotumika kwenye baiskeli za milimani, huvuta waya mrefu zaidi kwa nguvu ndogo, na kwenye breki zako utabana leva mpaka vidole viume bila kusimama vizuri. Kichwa cha waya nacho ni tofauti: cha barabarani kina umbo la tone, cha milimani ni kipipa kilicholala.

Usukani huo uliopinda kama pembe za kondoo uvue mkanda wote uutazame, hasa pale unapobanwa na stemu (ile shingo inayoushika usukani) na pale leva za breki zilipokuwa zimefungwa. Alumini huchoka. Haitoi taarifa kama chuma kinavyopinda kwanza; inakatika. Ukiona mkwaruzo wenye kina au ufa hata wa unywele, weka mwingine, na kipenyo cha katikati kifanane na stemu: kuna 25.4, 25.8, 26.0 na 26.4, na kulazimisha hapo ni kutafuta kuanguka. Stemu ya kuchomeka ni 22.2 kwa fremu nyingi. Ikigoma kutoka, legeza bolti yake mizunguko michache tu, weka kipande cha mbao juu ya kichwa cha bolti, igonge. Kabari ya chini itaachia. Kisha ipake grisi kabla ya kuirudisha, na usiivute juu kupita mstari uliochongwa. Nguzo ya kiti pia grisi, kila mwaka. Alumini ikikaa ndani ya chuma bila grisi huota na kuwa kitu kimoja, na nimeona fremu nzuri zikikatwa kwa ajili hiyo.

Gololi nimeziweka mwisho kwa sababu ni kazi ninayoipenda mno. Ikiwa habu zako ni za vikombe na koni, ambazo bado zilitumika sana wakati wa gia tisa, zifungue juu ya beseni. Kwa habu nyingi za Shimano utakuta nyuma gololi tisa za robo inchi kila upande, mbele kumi za 3/16. Zihesabu zinapotoka, osha vikombe, tazama koni kwenye mwanga: njia ya gololi iwe laini na yenye mng'aro ulio sawa. Ukiona vishimo, koni imekwisha. Gololi nunua mpya bila kujiuliza. Grisi iwe ya kutosha, kisha kaza koni kwa spana nyembamba yake mpaka ekseli izunguke bila kugota.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kama gurudumu linafungwa kwa kile kishikizo cha kukunja, kukikunja kunaibana ekseli kidogo na koni zinasogea ndani. Kwa hiyo gurudumu likiwa mkononi, acha uchezaji mdogo kabisa, unaousikia ukitikisa ekseli. Lirudishe kwenye fremu, kunja kishikizo, shika tairi ulitikise kushoto na kulia. Uchezaji uwe umetoweka. Ukiwa bado upo, kaza koni kidogo sana. Ukiwa ulitoweka kabla hujakunja kishikizo, umeshakaza kupita kiasi, na gololi zitaanza kuchimba.

Endesha kilomita kumi za kwanza karibu na nyumbani, ukiwa na spana mfukoni. Waya wa gia utalegea kidogo, uukaze. Bolti za kranki zijaribu tena baada ya safari mbili tatu.

Kwa sasa usinunue kitu. Nipimie nafasi ya midomo ya nyuma, upana wa bomba la ekseli ya kranki, na uniambie kama vile vichuguu vya leva vipo kwenye bomba la chini. Ukinitumia hayo matatu nitakuambia leva ipi hasa uitafute.